Anza na Tope, Ndipo Ukate Mti

Nawasalimu ninyi wa Ibanda, Kadutu na Bagira hapa Bukavu. Nawasalimu wa visiwani Idjwi na Ibinja, na wale wa Birava na Katana ambao saa hizi wameanika samaki wa sambaza juani na redio iko pembeni ya turubai. Leo tuongee juu ya kifaa cha mvuvi ambacho hakiuzwi dukani: upondo. Ni ule mti mrefu mwembamba unaoshikwa kwa mikono miwili, unachomekwa majini hadi uguse chini, unasukumwa, na mtumbwi unakwenda mbele. Tutasema unavyotengenezwa nyumbani kwa makuta kidogo sana, na kwa nini ulio wa bei rahisi unaweza kuwa bora kuliko ule wa gharama.

Nasikia mzee mmoja akicheka huko aliko. Anasema: «Mtangazaji, wewe ni mtu wa wapi? Ziwa Kivu lina kina cha mita zaidi ya 480, nawe unatuletea mti wa mita nne?» Baba, una haki ya kucheka. Hakuna atakayekwenda Idjwi kwa upondo. Hata vijana wa ikipe, wale wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja na kushusha wavu usiku chini ya taa, wakishatoka mbali na kando hutegemea kafi au mashine. Sambaza wenyewe walitoka Ziwa Tanganyika, wakapandwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanafuatwa katikati ya maji mapana. Huko upondo hauna kazi.

Lakini kila safari ya mvuvi huanza kando na kumalizikia kando. Tena wapo wengi wasiofika katikati hata siku moja: mwenye mtumbwi mdogo wa mtu mmoja au wawili, anayetega nyavu za tilapia kwenye matete, anayevua kwa ndoano katika ghuba, anayepeleka ndizi na mkaa kutoka kijiji hadi kijiji akifuata ufuko. Tazama mji wetu ulivyokaa juu ya rasi zake, Muhumba, Nguba, La Botte na nyinginezo. Kati ya rasi na rasi kuna ghuba, na ndani ya ghuba, karibu na midomo ya vijito, maji ni ya kufika kiunoni, kifuani, au kimo cha mtu mmoja na nusu. Hapo kafi inahangaika. Inanasa kwenye matete, inazoa mifuko ya plastiki, inarusha maji na kufukuza samaki. Na anayepiga kafi huwa ameketi, haoni mbali. Mwenye upondo amesimama: anaona maboya ya wavu wake, anaona jiwe kabla halijamwona yeye, na mtumbwi wake unapita bila kelele.

Halafu kuna jambo la makuta. Mashine ni mali ya mwenye nacho, na mafuta yake, hata yale ya chupa za kando ya barabara, bei yake haikai mahali pamoja. Tangu Februari 2025, mabenki ya mji yalipofunga milango, wengi wetu tumejua maana ya kuwa na kazi bila kuwa na noti mkononi. Kifaa ambacho mtu anaweza kujitengenezea kwa panga, kisu na uvumilivu ni akiba ya namna yake.

Sasa tuingie kazini. Wengi wakitaka upondo huanza na mti. Wanaona mti ulionyooka, wanaukata, wanaushusha ziwani siku hiyohiyo, na baada ya wiki mbili wanausema vibaya: mzito, umepinda, unazama topeni hautoki. Mimi nasema anza na tope. Sakafu ya ziwa pale unapofanyia kazi ndiyo inayoamua urefu wa upondo wako, unene wake na mguu wake. Mti unakuja mwisho.

Chukua kamba, ifunge jiwe mwisho, piga mafundo kila nusu mita. Nenda na mtumbwi wako katika njia unayopita kila siku, kutoka pale unapofunga chombo hadi pale unapotega. Teremsha jiwe, hesabu mafundo. Kisha chukua fito yoyote, ichomeke chini, uone inaingia kiasi gani kabla ya kugoma. Umepata namba mbili: kina cha maji na unene wa tope. Zitunze.

Kando ya Bukavu utakutana na sakafu za namna nne. Ya kwanza ni tope laini, hasa pale mito ya mjini kama Kawa inapomwaga udongo wa milima yetu iliyonyolewa miti. Ya pili ni mawe. Mji huu umekaa juu ya mwamba wa volkano, na pembezoni mwa rasi mwamba huo unashuka ghafla, hatua chache tu na upondo haugusi tena. Ya tatu ni mchanga na changarawe, ambayo ni starehe. Ya nne hatukupewa na Mungu, tumejitengenezea wenyewe: chupa na mifuko ya plastiki. Sisi tunaitupa mferejini, mvua inaishusha ziwani, na maji yanaisogeza polepole mpaka mto Ruzizi, ambako mitambo ya umeme ya bwawa la Mururu hukabwa na takataka hizo hadi taa zetu zinazimika. Upondo ukichomekwa katika plastiki unateleza, na anayeusukuma anaweza kuufuata majini.

Baada ya sakafu, urefu. Hesabu yake si ngumu. Chukua kina cha maji mahali pa kina zaidi unapotaka kusukumia, ongeza unene wa tope, kisha ongeza kimo chako wewe mwenyewe uliyesimama. Kama maji ni mita mbili, tope nusu mita, na wewe una mita moja na sentimita 70, unapata mita nne na sentimita 20. Kata mti wa mita nne na nusu, utaupunguza baadaye. Mti unapunguzwa, haurefushwi. Wala usitamani wa mita sita ili ufike mbali zaidi. Mti wa namna hiyo unapepesuka mkononi, unakuchosha, na kwenye mtumbwi wa mita tano unakosa hata pa kuulaza. Penye maji yanayozidi upondo, keti ushike kafi.

Unene ni ule unaofungika vizuri katika kiganja, kama sentimita nne na nusu katikati. Chini unaweza kuwa mnene kidogo, juu mwembamba kidogo. Watu wa Lamu, ambao upondo ni kazi yao ya kila siku katika mikono ya bahari yenye mikoko, wana majina ya miti ya mikoko kufuata unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Sisi hatuna mikoko, lakini somo lao linatufaa: kila kazi na unene wake, na boriti haigeuki kuwa upondo kwa sababu imepatikana bure.

Mti gani basi? Hapa kwetu kuna miwili ya kufikiria, mkaratusi na mwanzi.

Mkaratusi umejaa kwenye vilima vya Kabare na Walungu, umepandwa na watu, una wenyewe. Utafute katika shamba lililopandwa kwa msongamano, maana humo miti michanga hugombania jua na kukimbilia juu, myembamba, iliyonyooka, yenye vifundo vichache. Mwenye shamba huwa anaipunguza ili mingine ipate nafasi, na hiyo ya kupunguzwa ndiyo rahisi. Kama humjui mwenye shamba, waulize watu wa ikipe. Milonjo mirefu inayounganisha mitumbwi yao inatoka kwenye mashamba hayohayo, nao wanajua mti upi haudanganyi.

Mwanzi ni mwepesi na unaelea. Chukua uliokomaa, wa miaka mitatu au zaidi, ambao ngozi yake imepoteza mng'ao na kuanza kushika madoa. Ule mbichi wa kijani unaong'aa utajikunja na kuliwa na wadudu. Lakini hapa lazima niseme wazi. Kuna mianzi ya mashambani na mianzi ya Kahuzi-Biega. Mbuga ile iliundwa mwaka 1970, mwaka 1980 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa dunia, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Msitu wake wa mianzi uko juu, kwenye mita 2,350 hadi 2,600 hivi, na chipukizi zake ni chakula cha sokwe. Mtu akikuletea mwanzi wa huko kwa bei ya kutupa, ujue hiyo si bei rahisi, ni bei iliyolipwa na mwingine. Bandu bandu huisha gogo. Nunua wa shambani, au panda shina moja nyuma ya nyumba.

Wakati wa kukata ni kiangazi, Juni hadi Agosti. Mti una maji kidogo, njia hazitelezi, na hewa inasaidia kukausha.

Tuanze na mkaratusi. Menya gome siku ileile uliyokata, linatoka kwa urahisi. Ukingoja wiki utalipigania kwa panga. Ukishamenya, nyoosha mahali palipopinda. Samaki mkunje angali mbichi, na mti ni vivyo hivyo: upitishe juu ya makaa mpaka upate moto bila kuungua, uweke kwenye panda ya mti mwingine, ukandamize polepole, uushikilie mpaka upoe. Kisha ziba ncha zote mbili kwa nta ya mshumaa. Mkaratusi una tabia mbaya ya kupasuka kuanzia mwisho, kwa sababu maji hukimbilia kutokea huko. Ulaze kivulini juu ya viegemeo vinne au vitano vilivyo sawa, usiguse ardhi, uugeuze kila baada ya siku chache. Usiuanike juani. Wiki sita ni kiasi cha chini, miezi miwili ni bora.

Kwa nini subira yote hiyo? Piga hesabu nami. Mti wa mita nne na nusu wenye unene wa sentimita nne na nusu una ujazo wa kama lita saba. Mkaratusi mbichi una uzito unaokaribia wa maji, kwa hiyo unashika kilo saba. Ukikauka unashuka hadi kama kilo tano. Kilo mbili si kitu ukizinyanyua mara moja. Lakini katika asubuhi moja unaunyanyua upondo mara mia kadhaa. Tena, mti mbichi ukikuponyoka unaweza kuzama moja kwa moja, ule mkavu unaelea ukaufuata. Anayeharakisha hulipa kwa bega lake.

Ukishakauka, usawazishe. Kama una randa, vizuri. Kama huna, kisu kikali kwenye vifundo, halafu kipande cha kioo kilichovunjika, ukikwangua kwa kufuata nyuzi za mti, na mwisho msasa. Pitisha kiganja kutoka juu hadi chini. Mahali popote panapokukwaruza leo patakutoboa kesho, mkono ukiwa umelowa na kulainika.

Wapo wanaopaka mafuta machafu ya injini ili mti usioze. Nawaomba wasifanye hivyo. Mafuta hayo yanatoka kidogo kidogo majini, na bomba la nyumbani likikauka ni maji hayohayo ambayo mama zetu wanateka kwa bidoni. Upondo unaolazwa penye kivuli na hewa baada ya kazi hauozi upesi. Hauhitaji rangi wala mafuta. Sehemu ya kushikia iache tupu, maana rangi inateleza.

Sasa mguu, ambao ndio roho ya kazi yenyewe. Kama sakafu yako ni tope, unahitaji mguu wenye panda. Wenyeji wa delta ya Okavango, kule Botswana, huenda na mitumbwi yao kwa upondo wenye ncha ya panda, na hiyo panda inaukataza mti kuzama. Ukibahatika kupata mti wenye panda ya asili, tumia hiyo. Usipopata, chonga vipande viwili vya mti mgumu, urefu wa sentimita 25, bapa upande mmoja. Vibandike kushoto na kulia mwa ncha ya upondo, vitoke mbele kama nusu ya urefu wake, uweke kabari katikati ili vipanuke kama upana wa kiganja. Halafu funga.

Kufunga usitumie misumari. Msumari unapasua mti mwembamba, unashika kutu, na ukitoka unachana wavu wa jirani. Nenda kwa kwado anayeziba mipira, omba mpira wa ndani wa pikipiki uliokwisha. Ukate ukanda mrefu wa vidole viwili, uuvute kwa nguvu huku ukizungusha, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Mpira uliovutwa unabana usiku na mchana, maji hayaulegezi. Acha katikati ya panda wazi. Mtu akipigilia ubao bapa hapo, tope litaushika kwa kufyonza, na kuuchomoa itakuwa vita.

Kama sakafu yako ni mawe, panda itavunjika siku ya kwanza. Hapo acha ncha iwe butu, ya duara, uivike kipande cha tairi kilichofungwa kwa ukanda uleule. Kinazuia kuteleza, na kinanyamazisha ule mgongano wa mti na jiwe ambao tilapia anausikia kabla hujafika. Anayepita penye tope na penye mawe atie panda upande mmoja na tairi upande wa pili, ageuze kadiri anavyokwenda.

Kwa mwanzi, kumbuka ni mtupu ndani. Chonga kizibo cha mti mgumu, kiingie sentimita 20 kwenye ncha ya chini, kisha funga kwa nje kwa mpira. Bila kizibo, mwanzi utapasuka.

Jambo la mwisho la ufundi: choma alama. Pasha moto kipande cha chuma, chora pete kila nusu mita kuanzia mguuni. Upondo wako sasa unapima kina pia. Baada ya mvua kubwa utajua udongo umejaa kiasi gani mahali palipokuwa salama mwezi uliopita.

Kijana anayejifunza, sikiliza. Simama nyuma ya mtumbwi, miguu imepanuka, magoti yamelegea. Teremsha upondo karibu na ubavu wa chombo, usiurushe mbali. Ukigusa chini, sukuma huku mikono ikipanda juu ya mti, mpaka upite nyonga yako. Kabla ya kuuchomoa, uzungushe kidogo ili tope liachie, ndipo uvute. Ukinasa ukakataa kutoka, uachie wewe! Upondo utaurudia kwa kafi. Ukiung'ang'ania huku mtumbwi unakwenda, utabaki unaning'inia kwenye mti katikati ya ghuba. Kwa hiyo kafi isikose ndani ya chombo, wala jaketi la kuelea lisikose mwilini. Na ukiona vishimo vya duara kwenye mchanga, pita pembeni. Hivyo vimechimbwa na tilapia dume, ndimo wanamozalia.

Nina maonyo mawili. La kwanza ni Ruzizi. Kadiri unavyokaribia mahali maji ya ziwa yanapotoka kuingia mto huo, maji yanaanza kuvuta, na upondo unaofanya kazi kwenye maji yaliyotulia hauwezi kuushinda mkondo. Tena hapo ni mpaka na Rwanda. Kaa mbali.

La pili ni radi. Vipimo vya satelaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliweka Kabare yetu nafasi ya 2 duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Ndiyo maana yule anayependekeza bomba la chuma au la aluminiamu badala ya mti simuungi mkono. Mtu aliyesimama peke yake juu ya maji, ameshika chuma kirefu, chini ya anga ya Kabare, anatafuta nini? Hata mti uliolowa si kinga. Ukisikia ngurumo ya kwanza, laza upondo, keti, rudi kando.

Mafundi wa mbao mnaonisikiliza, hapa pana kazi. Anayekata miti kumi Juni na kuikausha kwa utaratibu ana pondo kumi za kuuza Septemba mvua zikirudi, na kila mnunuzi atamwambia: «Nifungie mguu wa tope,» au «Mimi napita penye mawe.» Fundi akiuza mti bila kuuliza habari ya sakafu, mnunuzi amrudishie swali hilo.

Nanyi wavuvi, wiki hii msikate kitu. Tafuteni kamba, jiwe na fito, mpime njia yenu kutoka mnapofunga chombo hadi mnapotega, muandike kina na unene wa tope. Mwenye namba hizo mkononi ndiye aende kuongea na mwenye shamba la mikaratusi.